Tulimpima mtoto kwenye mzani wa kahawa, tukafurahi kwamba yuko sawa

Wakuu, habari za huko mliko. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Kabla ya yote naomba radhi. Shule yangu iliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole sana. Uzi huu niliuandika kwanza kwa kalamu, kwa mwandiko ambao mwenyewe ulinishinda kuusoma, ndipo nikauhamishia kwenye simu. Mkikuta herufi imekaa vibaya, msome tu hivyohivyo. Mkiona nimeruka mahali, niulizeni.

Haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyashika kwa mikono yangu. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti, kwetu ni Kibingo, Kyerwa. Kwa sasa naishi Ihanda, Karagwe, kwa dada yangu mkubwa, dada Adventina. Ana meza ya vitenge na nguo za watoto sokoni. Mume wake, shemeji Deo, ni mpimaji kwenye chama cha kahawa. Mimi nalima, napika, na nakaa na mtoto wao.

Si muongeaji. Wageni wakija napeleka chai, nasalimia, narudi jikoni. Humu naweza kusema kwa sababu hamnioni.

Mtoto anaitwa Alinda. Ni mvulana wa miaka kumi, yuko darasa la nne. Ananiita mama mdogo.

Alinda ni mnene. Naandika hivyo wazi, lakini kwa muda mrefu nyumbani kwetu hakuna aliyelisema neno hilo. Tulisema ana mwili. Tulisema ameshiba. Huku kwetu mtoto mnene ni sifa ya nyumba, watu wakimwona wanajua jikoni kwenu hakuna njaa. Dada akipita naye sokoni wenzake wanamwambia, "Huyu mnamlisha nini jamani, tupeni siri!" Naye dada anacheka, anatembea kwa madaha.

Shuleni hawakumsifia. Shuleni walimwita Tanki.

Akifika tu getini wanaimba, "Tanki limefika, leteni ndoo!" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye siku za michezo akaanza kuumwa tumbo. Kila siku ya michezo, tumbo. Mwalimu akamwita dada, akamwambia mtoto akikimbizwa raundi moja tu anakaa chini anahema kama amepanda mlima.

Dada alirudi amenuna. Kesho yake akaja na kopo dogo la chai ya kupunguza unene, alilopewa na mwanamke mwenzake wa sokoni anayeuza dawa za asili. Kopo lina picha ya mwanamke wa kizungu mwenye kiuno chembamba. Akasema Jumapili Alinda anaanza kunywa, asubuhi na jioni, na chakula cha usiku kinafutwa.

Shemeji akakataa. "Mtoto wangu hana tatizo. Ana mifupa mikubwa kama mimi."

"Mifupa ndiyo inayotikisika akitembea?" dada akamjibu.

Wakagombana mbele ya mtoto. Mimi nilikuwa naosha vyombo, Alinda akaja akasimama pembeni yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, hiyo chai ni chungu?"

Wakuu, hapo ndipo uzi huu ulipozaliwa. Nilijiuliza swali moja tu. Mmoja anasema mnene, mwingine anasema mifupa. Wote wanatumia macho. Je, hakuna namna ya kupima mafuta ya mtoto yakajulikana, kama tunavyopima kahawa ikajulikana ni kilo ngapi? Maana nilikuwa namwona mtoto anakwenda kunyweshwa kitu nisichokijua, kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna aliyeuhakikisha.

Jumapili ilikuwa haiko mbali. Nikaanza kutafuta.

Mtu wa kwanza niliyemfikiria ni mama Jovina, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Ninyi wenye watoto mnaujua ule utepe wao wa kupimia mkono, wenye nyekundu, njano na kijani. Anauzungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Nyekundu, mtoto amekonda vibaya, anakimbizwa kituo cha afya. Njano, anaangaliwa. Kijani, mama anapiga vigelegele.

Nilimkuta kwa jirani anapima watoto wadogo. Niliona aibu kumuuliza, nikawa nazungukazunguka. Alinda ndiye aliyejipeleka, akanyoosha mkono.

Mama Jovina akacheka. "Na wewe baba mzima?" Lakini akamzungushia. Utepe ulikuwa karibu kuisha, na ukaonyesha kijani, kijani kabisa, mbali na rangi nyingine.

Alinda akaondoka mbio, akihema lakini mbio, kwenda kumwambia baba yake. Shemeji akafurahi sana. "Mmeona? Kijani! Serikali yenyewe imesema kijani!"

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma, kwa hiyo nilisikia maneno ambayo wao hawakuyasikia. Mama Jovina aliniambia, "Binti, huu utepe ni wa watoto chini ya miaka mitano, na umetengenezwa kutafuta aliyekonda. Hauna rangi ya aliyenenepa. Hata ukiufunga kwenye mkono wangu utasema kijani."

Nilifika nyumbani nikataka kusema. Shemeji anasherehekea, mimi ni nani niharibu? Nikarudi jikoni. Lakini dada hakuridhika pia, alisema utepe wa vichanga hauwezi kumjua mwanafunzi wa darasa la nne.

Basi shemeji akasema kesho tuje wote kwenye chama, kuna mzani wa kweli.

Kwa wasiojua, chama chetu kina ule mzani mkubwa wa chini, wa kulaza gunia. Wakulima wanapanga foleni na kahawa zao za maganda, shemeji anasoma, anatamka kilo kwa sauti, karani anaandika. Kazi hiyo ameifanya tangu sijamaliza shule. Siku ile hapakuwa na foleni. Alinda akavua viatu, akapanda, akasimama wima kama askari.

Shemeji akaangalia, midomo ikatikisika kidogo, akatamka kwa ile sauti yake ya kazini, "Arobaini na tano!"

Mpakiaji mmoja akapiga kelele, "Daraja la kwanza hiyo, pakia gari!"

Alinda naye akauliza, "Baba, mimi ni kahawa?" Tukacheka wote.

Na mimi nikapimwa. Uzito wangu siusemi.

Urefu tulipima ukutani na futi ya fundi cherehani. Halafu nikaingia kwenye simu, nikatafuta kikokotoo cha BMI. Unaweka kilo, unaweka urefu, kinakupa namba. Hesabu yenyewe si ngumu wakuu, nimeifanya hata kwa mkono: unachukua kilo, unagawa kwa urefu wa mita, jibu unaligawa tena kwa urefu uleule.

Ya Alinda ikaja ishirini na tatu na kitu. Simu ikaandika kwa kijani: kawaida.

Yangu ikaandika: uzito umezidi.

Jamani. Mimi ninayebeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka shambani kila siku, mimi ndiye niliyezidi. Mtoto anayehema kupanda ngazi tatu za kanisani, yeye kawaida.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji Koku, ile chai ni ya kwako!" Dada naye akashindwa kujizuia. Kopo la chai likapandishwa juu ya kabati, na jioni ile tukanywa mubisi kusherehekea. Mubisi ni ile juisi ya ndizi mbivu, kabla haijawa pombe, tamu sana. Mama yake shemeji, bibi yake Alinda, anaishi ng'ambo ya bonde, na kila wiki anatuma dumu zima kwa bodaboda kwa ajili ya mjukuu.

Ngoja niepue ndizi, zinaungua.

Nimerudi. Kuna mkuu ameshauliza hapo chini kama tuliishia hapo. Hapana. Wote waliishia hapo isipokuwa mimi.

Mimi ndiye ninayelala chumba kimoja na Alinda. Anakoroma. Si ule mkoromo wa mafua, ni wa mtu mzima, halafu ghafla ananyamaza, halafu anashtuka kama aliyezama akaibuka. Asubuhi anaamka amechoka.

Na kuna jambo la shingo. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyeusi kuliko mwili, na ngozi imekuwa kama kitambaa chenye manyoya. Dada alifikiri ni uchafu. Kila jioni alikuwa ananiambia, "Koku, msugue huyo shingo, anatuaibisha." Nilimsugua kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka mtoto analia, na weusi hautoki. Mtoto anaogeshwa kila siku, wakuu. Uchafu gani usiotoka?

Simu inasema kawaida. Mwili wake unasema kingine. Nani muongo?

Nikakusanya ujasiri, na kwangu huo haukusanyiki haraka, nikamwambia dada, "Tumpeleke kituo cha afya wamwangalie shingo." Sikusema unene. Nilisema shingo. Dada akakubali kwa sababu ya aibu ya shingo.

Kituoni tukakuta nesi mmoja anatoka upande wa Bukoba. Watu wote wanamwita daktari, naye amechoka kuwasahihisha. Alimwangalia shingo kidogo tu, akamwambia dada, "Mama, usimsugue tena huyu mtoto. Huu si uchafu. Ngoja nimpime."

Akampandisha kwenye mzani. "Arobaini na nane."

Dada akaruka. "Hapana! Juzi alikuwa arobaini na tano! Ameongezeka kilo tatu tangu juzi?"

Nesi akampandisha tena. Ileile. Akapanda yeye mwenyewe kuhakikisha mzani haujaharibika. Mzani mzima.

Dada akampigia shemeji simu palepale, ameweka sauti kubwa, nasi tunasikia. "Baba Alinda, juzi ulisoma ngapi kwenye mzani?"

"Arobaini na tano."

"Mzani wenyewe uliandika ngapi?"

Tukasikia anakohoa.

"Deo!"

"Mzani uliandika arobaini na nane," shemeji akasema. "Lakini si nilikata gunia."

"Gunia gani? Mtoto alikuwa na gunia?"

"Ni mazoea, mke wangu. Namba ikija natoa ya gunia, natoa na ya unyevu, ndiyo natamka. Imenitoka mdomoni bila kujua."

"Umekata unyevu wa mtoto?"

Nesi alilazimika kutoka nje. Tulimsikia anacheka kule uani. Alinda alicheka mpaka machozi, na mimi pia, ingawa nilijificha nyuma ya khanga. Nikakumbuka ile midomo yake iliyotikisika kabla ya kutamka. Mtu alikuwa anafanya hesabu ya kahawa.

Nesi aliporudi aliweka sawa. Akamsimamisha Alinda ukutani miguu mitupu, visigino vimegusa ukuta, macho mbele, akashusha kibao kichwani. Sisi nyumbani kumbe tulimpima na soksi nzito na kidevu juu. Akapiga ile hesabu ya kugawa mara mbili. Safari hii ikaja ishirini na tano na kitu.

Nikafikiri sasa atasoma kama simu. Hakusoma kama simu.

Alitoa karatasi kubwa yenye mistari iliyopinda, inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Ya wavulana peke yake, ya wasichana peke yake. Chini kuna umri. Akatafuta miaka kumi, akapanda na kidole, akaweka nukta. Nukta ilikaa juu ya mstari wa juu kabisa.

Nikajikuta nauliza. Mimi, kwa mdomo wangu. "Daktari, mbona simu ilisema kawaida?"

Akaniuliza, "Simu uliiambia umri wake?"

Haikuniuliza umri, wakuu. Ilikuwa ya watu wazima.

Akanieleza taratibu, na hili ndilo ninalotaka wazazi wa humu mlishike. Mtu mzima ameshamaliza kurefuka, kwa hiyo namba zake hazibadiliki na miaka. Mtoto mwili unabadilika kila mwaka, mafuta yanapungua, yanaongezeka, wasichana wakivunja ungo wanaongezeka zaidi, wavulana misuli inakuja. Kwa hiyo mtoto halinganishwi na mtu mzima, analinganishwa na watoto wa umri wake na jinsia yake. Namba ambayo kwa mtu mzima ni nzuri kabisa, kwa mtoto wa miaka kumi inaweza kuwa ni unene uliopitiliza. Hata ile arobaini na tano ya shemeji, pamoja na gunia na unyevu wake, ingemweka Alinda juu ya mstari.

Nikauliza tena, maana nilikuwa nimeshafunguka. "Na mimi? Simu ilisema nimezidi."

Akaniangalia akatabasamu. Akasema ile namba inapima uzito, haipimi mafuta. Haijui kama kilo zako ni mafuta, ni misuli au ni mifupa. Akanishika mkono kwa nyuma, juu ya kiwiko, akabana ngozi na vidole viwili. "Ona, hapa nashika ngozi tu, karibu hakuna kitu. Kilo zako ni za jembe." Kisha akambana Alinda palepale, na vidole vyake vikabaki vimeachana. Akasema hospitali kubwa kuna kifaa maalumu kama koleo, kinabana ngozi na kusoma unene wa mafuta yaliyo chini yake. Yeye hana, lakini ana kamba.

Kamba wakuu!

Alichukua kamba ya kawaida, akapima urefu wa Alinda kutoka kisigino mpaka utosi, akaikata. Akaikunja katikati. Akaizungusha tumboni, juu kidogo ya kitovu, mtoto akiwa ametoa pumzi. Akasema kwa mtoto wa shule, ile nusu ya urefu wake inatakiwa izunguke tumbo na ikutane. Isipokutana, mafuta yamekaa tumboni, mahali pabaya.

Ya Alinda haikukutana. Vidole vinne viliingia katikati.

Yangu ilikutana na ikabaki. Niliinua kidevu kidogo.

Alinda hakucheka tena. Alimwangalia nesi akasema, "Kwa hiyo mimi kweli ni tanki."

Nesi akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Wewe ni Alinda. Una mafuta zaidi ya unayohitaji, na yanakuchosha unapolala na unapokimbia. Hilo si jina, ni jambo la kurekebisha."

Akamtoboa kidole kupima sukari. Akasema ile shingo nyeusi ni dalili kwamba mwili unahangaika na sukari, lakini bado haijafika pabaya. Akauliza kuhusu kukoroma, nikajibu mimi, akasema isipopungua atatuandikia tumpeleke hospitali.

Dada akatoa kopo la chai kwenye pochi. Kumbe alikuja nalo. Nesi akalisoma, akalirudisha. "Hii inaendesha tumbo, basi. Anapoteza maji, mafuta yanabaki. Na usimnyime chakula cha usiku, ataiba jikoni."

Alinda akaangalia chini. Nikajua kwa nini, lakini hayo ni yangu na yeye.

Kisha akauliza swali lililoleta kazi. "Huyu mtoto anakunywa nini?"

Dada akataja maziwa, chai, soda siku za gulio. Alinda akamalizia, "Na mubisi wa bibi. Naenda nao na shuleni, kwenye chupa."

Nesi akasema hapo tumepata pa kuanzia. Mubisi ni tunda, lakini ukikamua ndizi nyingi kwenye kikombe kimoja ni sukari tupu, na inashuka bila mtoto kuhisi kushiba. Ndizi za kupika hajakataza, maharage, dagaa, mboga, parachichi kwa kiasi. Vya kukaanga vipungue. Atembee, acheze, alale mapema. Na nyumba nzima ifanye hivyo, si yeye peke yake kwenye sahani ya adhabu.

Njiani dada alitangulia, pochi kwapani. Halafu akasema, "Koku, nani atamwambia mama yake Deo?"

Wakuu mlio mikoa mingine hamwezi kuelewa uzito wa swali hilo. Mkaza mwana akirudisha zawadi ya mama mkwe, hasa mubisi alioukamua kwa mikono yake kwa ajili ya mjukuu, hilo ni tangazo la vita. Litasimuliwa misibani na harusini. Shemeji naye alikataa, akasema anakwenda kwenye mkutano wa chama, ambao haukuwepo.

Na dada alikuwa hajatupa kopo. Alisema atampa nesi hiyo nafasi mpaka siku ya kurudi kupima. Kilo zisiposhuka, anaanzisha chai. Kwa hiyo kama mubisi ungeendelea kuja, mtoto angeishia kwenye kopo.

Basi nikaenda mimi na Alinda. Kwa miguu, tukavuka bonde.

Bibi tulimkuta shambani anapunguzia migomba majani. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Dumu langu liko wapi? Mmeshamaliza, niwakamulie lingine?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikabaki nimeshika dumu tupu.

Alinda akasema, "Bibi, daktari amesema nisinywe mubisi."

Bibi akaweka kisu chini. "Daktari gani huyo? Wa wapi?"

"Wa Bukoba."

"Ahaa! Watu wa Bukoba wanajua nini kuhusu mubisi wa Karagwe? Mnataka mjukuu wangu awe ufito? Watu waseme kwa Deo kuna njaa?"

Sikuweza kubishana naye. Nilichoweza ni kuonyesha. Nikachana kamba ya mgomba palepale, nikampima Alinda kisigino mpaka utosi, nikakunja, nikazungusha. Nikamwambia bibi ajaze lile pengo kwa vidole vyake mwenyewe. Akaweka. Akahesabu kimoyomoyo.

Kisha akasema, "Nipime na mimi."

Nikampima. Kamba ilizunguka, ikakutana, ikabaki mkia mrefu. Bibi akanitazama kwa ushindi. "Mimi nakunywa mubisi tangu sijaota meno. Mbona yangu inabaki?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Nilisema, "Bibi, wewe unaulima, unaubeba, unaukamua, ndipo unaunywa. Wa Alinda unapanda bodaboda, unamkuta amekaa."

Nikatamani ardhi inimeze. Bibi akaikunja ile kamba mkononi. Nikaona nimeharibu ndoa ya dada.

Halafu akacheka, kicheko cha kutoka chini. "Waitu jamani! Huyu naye ana mdomo, na mlikuwa mnasema ni bubu!" Akachukua dumu mkononi mwangu. "Basi mubisi wangu haupandi tena bodaboda. Anayeutaka avuke bonde kwa miguu yake, aje anisaidie kubeba mikungu, nitampa kikombe kimoja. Na kikombe nakichagua mimi."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi Alinda anakwenda kwa bibi. Mwanzoni alisimama mara nyingi njiani akilalamika. Siku hizi mimi ndiye ninayemwambia asubiri. Kikombe chenyewe ni kile kidogo cha kahawa. Amelalamika, bibi amemwambia aende akashtaki Bukoba.

Soda zikaisha nyumbani, hata shemeji ananywa yake kwa kujificha. Usiku Alinda anakula, anashiba, analala. Kukoroma kumepungua, na kule kuzama na kuibuka sikusikii tena. Shingo hatusugui.

Siku ya kurudi ikafika. Tulikuwa tumemaliza miezi kama minne. Dada alikuwa na pochi yake, na nilijua ndani kuna nini.

Alinda akapanda mzani. Nesi akasoma, "Arobaini na nane."

Ileile. Haikushuka hata robo.

Uso wa dada ulibadilika. Mkono ukaingia kwenye pochi. Mabonde yote yale, hamu yote ya soda, mtoto anatembea Jumamosi kwenye tope, kilo ileile! Alinda alishuka kwenye mzani bila kutuangalia.

Nesi hakuonekana kusikitika. Akamsimamisha ukutani, akashusha kibao, akasoma, akaandika. Akarudi kwenye karatasi ya mistari, akaweka nukta mpya. Akatuita tuone.

Nukta ilikuwa chini ya ile ya kwanza. Bado iko juu ya mstari, lakini imeshuka.

"Mtoto amerefuka," akasema. "Kilo zimesimama, kimo kimeondoka. Mama, kwa mtoto wa umri huu sikuwa nataka kilo zikimbie chini. Nilitaka zisimame, urefu uzifikie. Angekunywa chai zikashuka haraka, tungekuwa tunakata na misuli na urefu wenyewe."

Alinda akauliza, "Kwa hiyo nimeshinda au nimefungwa?"

"Umetoka sare na mzani," nesi akamwambia. "Na ukuta umeufunga mabao mawili." Sentimita mbili.

Dada aliitazama tena ile nukta. Kisha akatoa lile kopo, akaliweka mezani kwa nesi. "Nitupie wewe. Nikirudi nalo nyumbani, siku moja nitashawishika."

Tukaondoka.

Wakuu, nilichojifunza mimi wa darasa la saba ni hiki. Macho ya mzazi yanapendelea, ama upande huu ama ule. Utepe wa kijani si wa kazi hii. Kikokotoo kisichouliza umri wa mtoto usikiamini. Namba ikija juu, usikimbilie kopo wala kumnyima chakula, nenda kwa wanaojua. Na mtoto anayerefuka bila kuongeza kilo, huyo anapungua, ingawa mzani hauoni.

Sasa na mimi nina maswali, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Lile koleo la kubana mafuta, kuna aliyewahi kupimwa nalo? Linauma? Na nimesikia kuna mizani unasimama miguu mitupu inapitisha umeme kidogo mwilini, inakuambia mafuta ni kiasi gani. Inajuaje? Umeme unatofautishaje mafuta na nyama? Na je, inasema kweli kwa mtoto?

Wenye mabinti wanaokaribia kuvunja ungo, mnajuaje huu ni mwili wa kukua na huu ni unene? Maana jirani yetu ana binti wa miaka kumi na miwili, ameanza kujinyima kula, na mama yake ameniomba nije na kamba. Nimemwambia asubiri kwanza, kwa sababu sijui kama nitamsaidia au nitamuumiza.

Tafadhali niandikieni, hata mstari mmoja. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nasoma yote, na kila atakayeandika nitamjibu.